Upungufu wa Kilo za Mtoto

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu, wajumbe na wanachama wa vyama vya msingi, siku ya pili ya semina ya ufungaji wa mahesabu ya msimu wa pamba.)



Katika ratiba mliyogawiwa jana asubuhi, saa hii imeandikwa kuwa ni ya "mambo ya jamii." Najua baadhi yenu mlipoiona mlidhani ni nafasi ya kupumzika kabla ya kurudi kwenye vitabu. Nafasi hii nimeiomba mwenyewe kwa Ndugu Meneja. Katika ziara zangu za ukaguzi msimu huu, wazazi kadhaa wamenijia jioni baada ya kazi, na badala ya kuniuliza habari za malipo wameniambia neno moja: "Ndugu Mkaguzi, mtoto wetu anakonda na sababu hatuioni." Huenda walinijia mimi kwa kuwa nilikuwa mgeni, na siri huwa nyepesi zaidi kwa mtu atakayeondoka kesho. Mimi si mganga. Kazi yangu ni vitabu na mizani. Kwa hiyo niliwaendea waganga wa zahanati na wa hospitali ya wilaya, nikauliza, nikasoma vitabu walivyoniazima, na haya nitakayoyasema nimewapitishia wao kwanza.

Msingi wa saba wa ushirika, uliokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, unatuagiza kuijali jamii inayotuzunguka. Vyama vyetu vimezoea kuutimiza msingi huo kwa kuchangia madawati. Ni jambo jema, lakini mtoto aliyelala ndani kwa kukosa nguvu hakalii dawati.

Ndugu Wanachama, tuanze na jambo tunalolifahamu. Gari linapoondoka chamani na kilo 8,000 za pamba kwa mujibu wa hati, na mizani ya kiwanda ikasema 7,640, hakuna mkaguzi atakayekubali maelezo kwamba pamba "imepungua tu." Kilo 360 zina mlango zilipotokea. Huenda hazikuingia ghalani kamwe bali ziliandikwa kitabuni. Huenda ziliingia zikamwagika njiani. Huenda pamba ilinunuliwa mbichi ikakauka. Huenda yuko aliyekula. Na huenda mizani yenyewe ndiyo isemayo uongo. Karani anayeandika "upungufu wa kawaida" na kufunga daftari, tunamrudishia daftari lake.

Kwa mtoto pia kilo zina milango, nayo si mingi. Ama chakula hakiingii, kwa sababu hakipo, au kipo lakini mtoto hali. Ama kinaingia lakini kinamwagika kwa kuhara na kutapika. Ama kinaingia na kukaa, ila mwili hauwezi kukitumia. Ama uko ugonjwa ndani unaokula zaidi ya kile anachokula mtoto. Mganga mmoja aliponisikia nikiyapanga hivi alicheka, akaniambia kwamba ndivyo wanavyofundishwa chuoni, isipokuwa wao hutumia maneno marefu zaidi.

Lililo muhimu tulielewe ni kwamba mtoto si kama mtu mzima. Sisi wakubwa kilo zetu hushuka wakati wa kulima na kupanda baada ya mavuno, na hakuna anayeshtuka. Mtoto yuko katika kukua. Mtoto mchanga hufikisha uzito wa kuzaliwa mara mbili katika miezi mitano hivi, na mara tatu afikishapo mwaka. Kuanzia miaka 5 hadi 10 huongeza kiasi cha kilo 2 hadi 3 kila mwaka. Kwa hiyo mtoto ambaye kilo zake zimesimama kwa miezi mingi tayari ana upungufu, hata kama hakuna kilichoshuka. Na yule ambaye kilo zimeshuka ana upungufu maradufu, maana tunahesabu zilizopotea pamoja na zile alizopaswa kuongeza. Maneno kama "anarefuka tu" au "ni ukoo wetu, sisi ni wembamba" yaweza kuwa kweli kwa mtoto aliyekuwa mwembamba tangu awali. Hayawezi kuwa kweli kwa mtoto ambaye nguo za mwaka jana zinamwanguka kiunoni.

Nchi yetu si ngeni katika kupima watoto. Wengi wenu mnaikumbuka kadi ya kliniki yenye njia za rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Mwaka 1983 ulianzishwa mkoani Iringa mpango wa lishe ulioendeshwa na Serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Katika vijiji vya mpango huo watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa kila baada ya miezi mitatu, na matokeo hayakufungiwa zahanati. Yalipelekwa mbele ya serikali ya kijiji, nayo ikauliza: watoto hawa ni wa nani, wamepungua kwa sababu gani, nani atafanya nini kabla ya kipimo kijacho? Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo. Mimi kama mkaguzi siyashangai matokeo hayo. Kilichofanyika pale ni kusoma hesabu hadharani na kudai maelezo.

Walakini kadi ya kliniki hufikia mwisho mtoto atimizapo miaka mitano. Baada ya hapo nani humpima? Nimeuliza katika shule kadhaa. Hata siku ya kugawa dawa za kichocho, mtoto husimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, na idadi ya vidonge hutokana na urefu wake, wala si uzito. Utaratibu huo una sababu zake na ni wa haraka, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka sita hadi kumi na minne aweza kupitisha miaka minane bila mtu yeyote kuandika kilo zake. Tunaijua pamba ya baba yake kwa nusu kilo, na uzito wa mtoto mwenyewe hatuujui hata kwa kukisia.

Sasa nitawaeleza habari ya familia moja. Mhusika ni katibu mwenzenu katika wilaya nyingine, na amenipa ruhusa kuisimulia bila kutaja jina wala chama.

Mwezi wa Juni, mwanzo wa ununuzi, watoto wa shule walikuwa wakipita ghalani jioni na kupanda kwenye mizani kwa kucheza, na karani wa mizani akiwasomea kilo kwa sauti. Binti wa katibu, mwenye umri wa miaka tisa, alisomewa ishirini na saba. Mwishoni mwa Agosti alipanda tena, karani akasoma ishirini na mbili na nusu. Karani yule ni mtu makini. Hakusema kitu kwanza. Alimwomba binti ashuke, akaweka jiwe la kilo 20 kwenye bamba, mizani ikasema 20 kamili. Akampandisha tena. Ishirini na mbili na nusu. Ndipo alipofunga daftari na kumfuata katibu ofisini.

Haikuwa kwamba katibu na mkewe walikuwa hawajaona. Walikuwa wameona tangu Julai. Walinunua dawa ya malaria katika duka la dawa bila kipimo chochote. Wakanunua dawa ya minyoo, mara mbili. Wakanunua dawa ya maji ya kuongeza damu na vidonge vya kuleta hamu ya kula. Jambo lililowachanganya ni kwamba mtoto hakukosa hamu. Alikuwa akila sahani yake na kumaliza ya mdogo wake. Jirani mmoja akaanza kunong'ona kwamba pale nyumbani hakupikwi vya kutosha, ingawa mshahara wa ukatibu upo. Mama wa mtoto aliposikia aliacha kwenda naye kisimani, ili watu wasimwone. Shuleni, mtoto aliomba ruhusa ya kutoka mara nyingi mno, hata mwalimu akamwadhibu kwa utundu. Usiku alirudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu, na kwa hilo alichapwa na nyumbani pia.

Bibi yake alikuja kuwatembelea wiki ile ile ya mizani. Asubuhi moja alisimama nyuma ya nyumba, mahali mtoto alipojisaidia usiku kwa kuogopa kwenda chooni gizani, akamwita katibu. "Njoo utazame, mwanangu. Sisimizi hawa wanafuata nini hapa?" Katibu akasema wamefuata mabaki ya chakula. Bibi akamjibu, "Hapa hakuna chakula. Mkojo wa mtoto huyu una sukari. Mjomba wako alikufa na jambo hili."

Walimpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Walipofika, mtoto alikuwa ameanza kutapika na kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mganga alimtoboa kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kifaa kidogo, na kwa muda usiofika dakika moja jibu likapatikana: sukari 28, ambapo kwa mtoto mwenye dalili kama zile 11.1 na kuendelea hutosha kuonyesha kisukari. Alipelekwa hospitali ya wilaya kwa gari la mwanachama mmoja. Alilazwa siku tisa. Leo yuko sekondari, anajichoma sindano mwenyewe, na kilo zake, katibu aliniambia kwa fahari, ni 46.

Ndugu Wanachama, nimeirefusha habari hii makusudi. Kati ya milango yote niliyoitaja, huu ndio tusioutazamia, na ndio unaofungwa kwa haraka kuliko yote. Wengi wetu tunadhani kisukari ni ugonjwa wa watu wazima wenye vitambi. Iko aina inayowapata watoto, hata wa mwaka mmoja, nayo haitokani na kula sukari wala na kosa lolote la mzazi. Kinga ya mwili inageuka na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari iliyomo katika damu iingie mwilini na kutumika. Isipokuwepo, chakula kinaliwa, kinasagwa, kinafika katika damu, kisha sukari yake nyingi inatoka na mkojo. Ndiyo sababu mtoto anakula sana na kukonda. Ndiyo sababu anakunywa maji usiku na mchana. Mwili unaokufa njaa katikati ya chakula huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe, na asidi itokanayo na kuyeyuka huko hujaa katika damu. Hapo ndipo hutokea kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema, kusinzia, na baadaye kuzimia. Tangu kutapika kuanza hadi mauti zaweza kuwa siku moja au mbili. Mtoto anayefikishwa katika hali hiyo huonekana kama mwenye malaria kali au homa ya mapafu, na asipopimwa sukari huzikwa kwa jina la ugonjwa ambao hakuwa nao.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa yoyote popote duniani. Mtoto mwenye ugonjwa huu alikonda mpaka akafa, tajiri kwa maskini. Mwezi Januari mwaka huo, mjini Toronto, nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, ambaye uzito wake ulikuwa umeshuka hadi kilo zipatazo 29, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini iliyogunduliwa mwaka uliotangulia na Frederick Banting na wenzake. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo mtoto mwenye kisukari anaweza kuishi mpaka akazeeka, mradi achomwe insulini kila siku bila kukosa. Nasisitiza bila kukosa. Wako watu watakaomwambia mzazi kwamba mizizi fulani au maombi fulani yameponya, na kwamba sasa sindano ziachwe. Aombe anayeomba, lakini sindano isiachwe, maana siku chache bila insulini hurudisha hatari yote. Kuhusu jokofu, lisiwe kisingizio. Wasio na umeme huihifadhi dawa katika mtungi wa udongo wenye ubaridi, mbali na jua, na kliniki huwafundisha namna ya kufanya. Katika hospitali nyingi za mikoa ziko kliniki za watoto wenye kisukari, na Chama cha Kisukari Tanzania kimesaidia sana kuzieneza.

Mlango wa pili unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni kifua kikuu. Hapa tunadanganywa na neno "kifua." Mtu mzima mwenye ugonjwa huu hukohoa na kutema, nasi humtambua. Mtoto mdogo mara nyingi hawezi kutoa kohozi, na mwingine hakohoi sana. Anapungua kilo tu, anachoka, hachezi, ana homa za jioni zisizokwisha, huenda na matezi shingoni. Swali la kwanza ambalo mganga atauliza, na ambalo wazazi tunapaswa kujiuliza kabla ya kufika kwake, ni hili: katika nyumba hii, au katika nyumba anamoshinda mtoto, yuko mtu mzima mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili? Mara nyingi yuko. Ni babu anayelala naye, au shangazi aliyerudi kutoka mjini kuja kuuguzwa. Mtoto mwenye kifua kikuu ni hati inayotuonyesha kwamba yuko mtu mzima ambaye bado hajapimwa. Siku hizi, pale kohozi lisipopatikana, hata choo cha mtoto chaweza kupimwa kwa mashine. Matibabu hutolewa bila malipo, kwa miezi 6, na kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa usio mkali miezi 4. Homa zikikoma katika wiki za kwanza, wako wazazi wanaoziacha dawa wakidhani kazi imekwisha. Hiyo ni kama kufunga hesabu mwezi wa tatu wa msimu.

Habari za virusi vya UKIMWI nitazipitia kwa ufupi, kwa sababu mmezisikia mara nyingi. Mtoto anayepungua bila sababu apimwe, na mzazi asiogope kusikia. Mtoto anayetumia dawa hunenepa, husoma na hukua; asiyepimwa ndiye anayeangamia. Saratani za watoto nazo zipo: uvimbe wa taya, tumbo linalokua upande mmoja, kupauka na kutokwa damu. Ni nadra kuliko hayo mengine, lakini mzazi aonapo uvimbe usiouma unaokua kila wiki, asingoje uume.

Iko pia milango midogo ambayo watu husahau kuitazama. Jino bovu humzuia mtoto kutafuna, na haya ya kusema humfanya aseme ameshiba. Mtoto aliyefiwa na mama, au aliyehamishiwa kwa ndugu, aweza kukataa chakula kwa huzuni bila kuwa na ugonjwa wowote wa mwili. Mtoto mwingine anatembea saa moja kwenda shule, hakuna chakula cha mchana, anarudi jioni na kuingia shambani kuchuma pamba. Huyo mtoto hana fumbo. Mulizeni mtoto mwenyewe, peke yake, kwa upole. Mtapata majibu ambayo mganga hawezi kuyapata kwa vipimo.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano liko jambo ambalo lazima nilitaje, ijapokuwa ni zito kulitamka hadharani. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto anyonyaye akikonda husemwa "amebemendwa," yaani wazazi wamekutana au mmoja wao ametoka nje ya ndoa wakati mtoto bado mchanga. Matokeo ya neno hilo ni kwamba mama hujificha. Hampeleki mtoto kliniki, kwa sababu kumpeleka ni kama kukiri mbele ya wanawake wenzake. Nimeambiwa na wauguzi kwamba watoto wa namna hii hufikishwa wakiwa hoi, usiku, na bibi zao.

Hata hivyo wazee wetu hawakuwa wakiona hewa. Waliona kwamba mimba mpya inapokuja mapema, mtoto aliyetangulia hunyauka. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika mwaka 1933 na miaka iliyofuata juu ya ugonjwa ambao wenyeji wa lugha ya Ga waliuita kwashiorkor, jina ambalo alieleza kuwa linahusu mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake na mdogo wake. Kiswahili tunauita unyafuzi. Mtoto ameachishwa ziwa, na badala yake amepewa uji mwepesi mara mbili kwa siku wakati mama yuko shambani. Tumbo la mtoto ni dogo; hawezi kula mara mbili kama mkulima. Anahitaji kula mara nne au tano, chakula kizito chenye karanga, maharage, dagaa, mafuta au maziwa. Kosa liko kwenye sufuria na kwenye ratiba ya kazi, na baba ni mhusika sawasawa na mama, maana ndiye anayepanga nani aende shambani na ndiye anayeuza karanga zote.

Unyafuzi una hila moja ambayo makarani mtaielewa upesi. Mtoto wake huvimba miguu na uso kwa maji, kwa hiyo mizani husema uzito haukupungua sana. Ni sawa na pamba iliyonyunyiziwa maji. Karani mwenye uzoefu haangalii mshale peke yake. Hutia mkono ndani ya gunia. Nanyi bonyezeni kwa kidole gumba juu ya unyayo wa mtoto, hesabuni taratibu mpaka tatu, mwachie. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa leo. Vivyo hivyo mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye utepe wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, yaani sehemu nyekundu. Wahudumu wa afya wa vijijini wanao utepe huo.

Sasa nije kwenye mizani zetu. Kila chama hapa kina mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Msimu ukiisha inafunikwa turubai mpaka mwaka mwingine. Pendekezo langu ni kwamba mara moja kila baada ya miezi mitatu, siku ya Jumamosi, watoto wa shule wapimwe pale ghalani, na kilo zao ziandikwe katika daftari la kawaida. Itumike mizani ya chini yenye bamba, kamwe isitumike ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Sakafu iwe sawa, mshale uanze kwenye sifuri, jiwe lenye uzito unaojulikana lipimwe kwanza. Mtoto avue viatu, na kila mara apimwe saa ile ile na kwa mizani ile ile, kwa kuwa mizani mbili hazisemi sawa, na wako wazazi waliopoteza usingizi kwa tofauti ya mizani ya duka la dawa na ya kliniki. Watoto wachanga wasiletwe. Mizani ya magunia haioni gramu mia mbili, na kwa mtoto mchanga gramu mia mbili ni nyingi. Mtoto ambaye kilo zimeshuka, arudiwe papo hapo. Zikibaki zimeshuka, mzazi aambiwe kando, bila watu, na aandikiwe kikaratasi chenye tarehe mbili na kilo mbili akampe mganga. Mganga aliyeniambia mengi ya haya alisema kwamba kikaratasi cha namna hiyo kingemsaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Tena, mkutano mkuu wa kila chama uwe na azimio, lenye kiwango na jina la mwidhinishaji, kwamba mwanachama mwenye mtoto wa kupelekwa hospitali kwa haraka aweza kukopeshwa nauli siku hiyo hiyo na kukatwa kwenye mauzo. Nikikuta fedha zimetoka bila azimio nitaandika hoja, hata kama zimeokoa mtoto. Kwa hiyo azimio liwepo mapema.

(Baada ya mazungumzo haya wajumbe waliruhusiwa kuuliza maswali. Mawili yamechapwa hapa.)

Katibu mmoja aliuliza: "Ndugu Mkaguzi, watoto wakirukaruka juu ya mizani ikaharibika katikati ya msimu, hutatuandikia?"

Jibu: Nitawaandikia. Wasiruke. Mizani ya kubeba gunia la kilo mia haitaharibiwa na mtoto wa kilo 25 aliyesimama kwa utulivu. Na kilo za watoto msiziandike katika kitabu cha ununuzi, hata kwa penseli.

Mama mmoja mwanachama aliuliza: "Nikifika zahanati nikaambiwa kifaa cha sukari kipo lakini vibanzi vyake vimekwisha, nifanye nini? Nirudi wiki ijayo?"

Jibu: Hapana, Mama. Omba mkojo wa mtoto upimwe, kama wanacho kipimo cha mkojo, maana sukari huonekana humo pia. Kama hawana, omba barua, uende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Na unapomweleza mganga, usianze na homa wala na kutapika, kwa sababu atakwenda moja kwa moja kwenye malaria. Anza hivi: "Mtoto wangu anakojoa sana, ana kiu sana, anakula na anakonda." Ukishayasema hayo, useme ni tangu lini. Kisha mwombe amtoboe kidole mbele yako.